Siku Moja Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matembezi ya Nchi Kavu Visiwani Karibi

Maswali haya nimeyakusanya kwa jamaa na marafiki, wengi wao wanaishi Marekani na Kanada, ambao kila mwaka hupanda meli ya kitalii Miami, Fort Lauderdale au San Juan kwenda kuzunguka visiwa vya Karibi. Chumba wanakijua, chakula cha melini wanakijua. Wanachokwama nacho ni kile kipande cha mchana, meli ikiwa imefunga gati na kisiwa kiko mbele ya macho.

Nina muda gani hasa kisiwani?

Mdogo kuliko ulioandikwa. Tuseme meli inafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni saa tisa. Sasa toa: mamlaka za bandari lazima ziruhusu abiria kushuka, kisha kuna foleni ya lifti na ya ngazi, kwa hiyo mguu wako unagusa gati karibu saa tatu kasorobo. Upande wa pili, abiria wote hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla ya meli kuondoka, wakati mwingine zaidi. Ukijiwekea akiba ya saa moja kwa ajili ya foleni za barabarani, unabaki na saa sita na ushei. Hiyo ndiyo mali yako ya siku. Kila jibu linalofuata limepimwa kwa mizani hiyo.

Kuna bandari ambazo meli kubwa haifungi gati, inatia nanga nje. George Town ya Grand Cayman ni mojawapo. Hapo mnapelekwa ufukweni kwa boti ndogo, na watu elfu kadhaa hawapandi boti kwa dakika tano. Toa saa nyingine kwenye hesabu yako.

Saa ya melini na saa ya kisiwani ni moja?

Si lazima, na hapa ndipo watu huachwa. Jamaika haibadilishi saa mwaka mzima. Miami hubadilisha. Kwa hiyo wakati wa baridi ziko sawa, na wakati wa kiangazi Jamaika iko nyuma kwa saa moja. Visiwa vya mashariki kama Barbados, Saint Lucia na Antigua viko mbele ya Miami kwa saa moja wakati wa baridi na sawa nayo wakati wa kiangazi. Meli nyingine husogeza saa zake zifuate kisiwa, nyingine hubaki na saa ya bandari ya nyumbani. Simu yako haiulizi, inajibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkononi ya kawaida, itege kwa saa ya melini, uifuate hiyo tu.

Na sisi tuna mtego wetu wa pekee. Mmoja akisema "turudi saa kumi" na mwingine anasoma 4:00 kwenye simu, sawa. Lakini mtoto aliyezaliwa Dallas akisikia "saa kumi" anaweza kudhani ni usiku wa 10:00. Kwenye kundi la familia andikeni 16:00, yaishe.

Ninunue matembezi melini au nijitafutie mwenyewe?

Ukinunua melini unalipa zaidi, lakini basi lenu likikwama, meli kwa kawaida huwasubiri, na isipoweza, kampuni hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukijitafutia unalipa nafuu, mnakuwa wachache, na dereva anasimama mnapotaka. Ukichelewa, ni juu yako.

Mimi hutazama ramani. Mahali pakiwa umbali wa dakika ishirini kutoka gatini, najitafutia. Pakiwa ng'ambo ya milima, na barabara ni moja, nalipa bei ya melini bila kunung'unika. Kutoka Castries hadi Soufrière, Saint Lucia, ni saa moja na zaidi ya kona tupu, na gari moja likiharibika katikati mnakaa wote. Sint Maarten nayo ina daraja la Simpson Bay linaloinuliwa kupitisha mashua, na likiinuliwa magari yote yanatulia kuwatazama matajiri wakipita.

Nimekulia Pwani. Kweli nilipe dola kwenda kuona ufukwe?

Hapana. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi wetu hufuata mkumbo, tunalipia kiti na mwavuli kwenye mchanga mweupe, tunapiga picha, halafu jioni tunasema "mbona kama Nungwi." Ni kama Nungwi kweli. Mtu wa Diani, Kilwa au Lamu hana cha kujifunza kuhusu mchanga. Karibi ya mashariki ina kitu ambacho pwani yetu haina: milima ya volkeno inayochomoka moja kwa moja baharini, yenye misitu juu na maji ya moto chini. Tumia zile saa sita huko.

Ningeanza na Dominica. Mji wa Roseau uko chini ya milima, na kwa gari la dakika ishirini au thelathini unafika maporomoko ya Trafalgar, mawili yanayoanguka kando kwa kando, na karibu yake yako maji ya moto ya salfa ya kuoga. Hifadhi ya Morne Trois Pitons imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997. Ndani yake liko Ziwa Linalochemka, Boiling Lake, maji ya kijivu yanayotokota kwa mvuke na gesi zinazopanda kutoka chini ya ardhi. Mtu wa Goma aliyeuona Nyiragongo hatashtuka sana, lakini wengine tutanyamaza kidogo. Tatizo ni kwamba kwenda na kurudi kwa miguu ni kama saa sita za kupanda, kushuka na kuvuka vijito vya maji ya moto. Kwa abiria wa meli ni kamari. Ukitaka ziwa lile, rudi siku nyingine kwa ndege ulale kisiwani. Siku ya meli chukua Trafalgar na bwawa la Emerald Pool, na ukibaki na saa moja nenda Champagne Reef, ambapo mapovu ya volkeno yanatoka kwenye sakafu ya bahari na unaogelea katikati yake kama uko ndani ya soda.

Saint Lucia ina vilele viwili, Gros Piton na Petit Piton, Urithi wa Dunia tangu 2004. Gros Piton, zaidi ya mita 770, hupandwa kwa karibu saa mbili ukiwa na mwongozaji wa pale kijijini. Kijiji chenyewe kinaitwa Fond Gens Libre, yaani bonde la watu huru, kwa sababu watu waliotoroka utumwa walijificha na kupigana kutoka milima ile. Waongozaji watakuonyesha njia zao. Miguu ikiwa haikuruhusu, kuna Sulphur Springs jirani, ambako gari linafika karibu kabisa na matope yanayochemka. Harufu ni ya yai viza. Unazoea, au huzoei.

Grenada ni kisa kingine. Mtu wa Unguja atacheka akiona watalii wakionyeshwa kungumanga kana kwamba ni kito, lakini Wagrenada wameiweka hata kwenye bendera yao. Nenda shambani ulinganishe. Mdalasini, karafuu, tangawizi, vyote vipo, na mazungumzo na mkulima kuhusu bei na madalali yatakuwa yale yale ya nyumbani.

Dominica si ndiyo ile ya Santo Domingo?

Siyo. Santo Domingo iko Jamhuri ya Dominika, nchi ya Kihispania inayopakana na Haiti. Dominica ni kisiwa kidogo kati ya Guadeloupe na Martinique, wanazungumza Kiingereza na Krioli. Soma tiketi vizuri.

Siwezi kuogelea. Nikae melini?

Usikae. Kuna reli ya Saint Kitts, iliyojengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa hadi Basseterre. Kiwanda cha sukari kilifungwa 2005, treni ikabaki kwa wageni: kama kilomita 29 kwa reli, kisha basi kukamilisha mzunguko wa kisiwa, jumla karibu saa tatu. Unakaa juu, bahari upande mmoja, mlima upande mwingine. Huko huko iko ngome ya Brimstone Hill, ambayo mawe yake yalipandishwa mlimani na watumwa wa Kiafrika. Sikushauri uipite haraka.

Barbados kuna pango la Harrison's Cave, unaingia kwa kigari cha umeme. Barbados hiyo hiyo, Grand Cayman, Cozumel na Aruba zina nyambizi ndogo ya watalii inayokushusha kwenye matumbawe ukiwa mkavu. Na Jamaika kuna mto Martha Brae, unashuka taratibu juu ya chelezo cha mianzi, nahodha akipiga pondo kama mvuvi wa kwetu.

Maporomoko ya Dunn's River, Ocho Rios, Jamaika hiyo hiyo, yako kati ya kukaa mkavu na kuogelea. Si ya kuogelea, ni ya kupanda: mita 180 hivi za ngazi za mawe zinazomwagika hadi baharini, watu wameshikana mikono mnyororo mmoja. Anayeteleza huvuta wenzake. Mwenye goti bovu apite ngazi za pembeni.

Samaki taa wa Grand Cayman hawachomi?

Mwiba wanao, kama taa wa kwetu. Zamani wavuvi walikuwa wakitia nanga kwenye fungu la mchanga huko North Sound, maji yametulia, wakisafisha samaki na kutupa matumbo. Taa wakazoea sauti ya injini kuwa ni chakula, na hadi leo wanakuja makumi. Maji ni ya kiunoni kwa mtu mzima. Usiinue miguu: iburute kwenye mchanga ili taa aliyejifukia akusikie akaondoke. Aliyekanyagwa ndiye anayechoma. Na usikubali kumnyanyua juu ya maji kwa ajili ya picha, hata mwenye boti akikusihi.

Nivae nini?

Viatu vya kufunga, siyo ndala. Ndala kwenye mawe ya mto ni njia fupi ya kwenda kwa daktari.

Usivae nguo za rangi za jeshi, hata kofia, hata begi la mtoto. Barbados, Jamaika, Saint Lucia, Dominica, Grenada, Antigua na Trinidad zote zinakataza raia kuzivaa. Watu wa Tanzania, Kenya na Uganda hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanaonaswa ni watoto wetu waliokulia Marekani, ambako suruali hizo zinauzwa kila duka.

Vazi la kuogelea liishie ufukweni. Wazee wa visiwa hivi ni watu wa kanisani, na kupita mjini Saint George's au Bridgetown ukiwa nusu uchi kunawakera. Kanga moja begini inamaliza tatizo hilo: ni taulo, ni sketi, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli cha mtoto. Akina mama wanaoogelea wakiwa wamejifunika mwili mzima wasiwe na wasiwasi. Watalii wengi siku hizi huvaa fulana za mikono mirefu majini kwa sababu ya jua.

Sisi weusi tunahitaji mafuta ya kujikinga na jua?

Ndiyo. Jua la saa sita likipiga juu ya maji linarudi tena kwako, na mabega yako yatakuambia usiku. Ila angalia kopo. Visiwa vya Virgin vya Marekani tangu Machi 2020 vimepiga marufuku mafuta yenye oksibenzoni, oktinoksati na oktokrileni kwa sababu yanadhuru matumbawe, na Aruba na Bonaire nazo zina sheria za namna hiyo. Yanayoruhusiwa ni pamoja na ya zinki, ambayo kwenye ngozi yetu huacha weupe kama mtu aliyeanguka kwenye unga. Tafuta yenye rangi ya kahawia, au vaa mikono mirefu.

Kuna mnyama au mmea wa kuogopa?

Wanyama siyo sana. Ni mti. Unaitwa manchineel, unaota karibu na fukwe, matunda yake yanafanana na tufaha dogo la kijani na yana harufu nzuri. Usionje. Utomvu wake unababua ngozi, na hata kujikinga mvua chini yake ni kosa kwa sababu maji yanayodondoka hubeba utomvu. Sehemu nyingi wameupaka mstari mwekundu kwenye shina au kuweka kibao. Waelezeni watoto kabla hawajashuka melini: katika Karibi, tunda lililoanguka mchangani haliokotwi.

Tumbili wa Saint Kitts na Barbados, waliletwa kutoka Afrika Magharibi karne ya 17, ni wezi wa kawaida tu. Ogopa zaidi yule kijana wa gatini anayekuwekea tumbili begani kabla hujasema lolote, kisha anataja bei ya picha.

Viza je? Na kadi ya manjano?

Haya yashughulikie miezi kabla. Safari ikianzia Marekani na kuishia Marekani, mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anayesafiri kwa viza anahitaji iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mkirudi mnaingia upya. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani ni ardhi ya Marekani. Viza ya Schengen pekee isikudanganye: Martinique, Guadeloupe, Aruba, Curaçao na Sint Maarten ziko nje ya eneo hilo ingawa ni za Ufaransa na Uholanzi. Nchi nyingine za Jumuiya ya Madola huko hupokea Wakenya na Watanzania bila viza, lakini kampuni ya meli ina orodha yake, na ndiyo itakayokuzuia ngazini. Waulize kwa maandishi, ukitaja pasipoti yako na kila kisiwa.

Kadi ya homa ya manjano: visiwa vingi huidai kwa mtu anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Kama uliondoka Entebbe, Kinshasa au Nairobi siku chache kabla ya kupanda meli, ibebe. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Pesa gani zinatumika?

Dola ya Marekani inapokelewa karibu kila mahali, chenji unarudishiwa ya kwao. Visiwa vingi vidogo vya mashariki vinatumia dola moja ya pamoja, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye 2.70 kwa dola ya Marekani. Ya Barbados ni mbili kwa moja. Ya Cayman ina nguvu kuliko ya Marekani, kwa hiyo bei unayoiona ndogo ukutani siyo ndogo. Daima uliza: "Dola ya wapi?" Beba noti ndogo ndogo.

Usafiri wa wananchi unafaa?

Barbados unafaa sana. Zile basi ndogo nyeupe zenye mstari wa damu ya mzee, wanaziita ZR, ni matatu mtupu: muziki juu, konda kichwa nje, mnabanana. Utajisikia uko Buguruni. Saint Thomas, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, kuna malori yaliyowekwa mabenchi na paa, na wenyeji wanayaita *safari*. Ndiyo, neno letu lile lile, limevuka bahari mbili. Teksi za huko hutoza kwa kichwa, siyo kwa gari, kwa hiyo familia ya watu sita ijipange. Na Jamaika na Saint Thomas watu huendesha kushoto kama kwetu, ingawa Saint Thomas ni Marekani.

Msimu gani mbaya?

Vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Septemba. Maria iliiharibu vibaya Dominica Septemba 2017, na Beryl ikaibomoa Carriacou ya Grenada 1 Julai 2024. Meli hukwepa, ila ikikwepa unaweza kujikuta kisiwa kingine kabisa. Matembezi ya melini hurudishiwa pesa, uliyojitafutia inategemea masharti, yasome. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mno, hupatwa mara chache.

Kingine ni mwani. Tangu 2011 mwani wa kahawia unaoelea umekuwa ukifika kwa malundo, hasa kati ya machipuo na kiangazi, ukioza unanuka. Siyo ule wa Paje wa kuuza. Fukwe za upande wa magharibi wa visiwa huwa safi zaidi.

Nataka kuzamia kwa mitungi siku ya mwisho.

Usifanye kama unapanda ndege asubuhi yake. Wataalamu wa uzamiaji wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya kadhaa. Zamia mapema kwenye safari. Ukikutana huko chini na samaki wa mistari myekundu, mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, huyo ni mtu wa kwetu, wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, aliyeingia Karibi kwa mkono wa binadamu na sasa anakula samaki wachanga wa matumbawe. Wazamiaji wanamwinda, mikahawa inampika. Mkaange, ni mtamu.

Nitaletewa bangi Jamaika. Si halali?

Tangu 2015 kiasi kidogo kimepunguziwa adhabu kwa walio kisiwani. Melini hakiingii, na Miami hakiingii. Mbwa wananusa begi, na mwenye viza ana cha kupoteza zaidi kuliko mwenyeji.

Nikiachwa na meli?

Usikimbize boti. Nenda kwa wakala wa meli pale bandarini, namba yake huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku, kwa hiyo ipige picha kabla ya kushuka. Mara nyingi wahudumu wakiona hujarudi hufungua sefu ya chumbani kwako na kumwachia wakala pasipoti. Kisha utajilipia ndege na hoteli hadi bandari inayofuata, na kama bandari hiyo inahitaji viza ambayo huna, utarudi nyumbani kutokea hapo hapo. Kwa sababu hiyo mimi, siku ambazo siingii majini, hubeba pasipoti yangu mwenyewe kwenye mfuko usiopitisha maji. Siku za kuogelea nabeba nakala, kadi ya benki, na chaja ya simu.